Mtoto Asiyepewa Karanga

Mkaguzi wa makao ya watoto alikuwa na jina lake alilopewa na wazazi, tena jina zuri, lakini ofisini lilishasahaulika. Walimwita Bi Kwanini. Jina hilo hakupewa kwa hisani, alilichuma mwenyewe, swali kwa swali. Mwenzake akikuta dari linavuja, huandika "dari linavuja" akaenda zake. Yeye angetaka kujua linavuja tangu lini, nani alipanda juu mara ya mwisho, na huyo aliyepanda alifuata nini. Mumewe, fundi saa aliyestaafu kwa sababu ya macho, alikuwa akiwaambia wageni, "Mke wangu ukimpa yai, atakuuliza kuku alikuwa anawaza nini."

Asubuhi hiyo walitoka wawili, yeye na Bwana Afya, kwenda kukagua bila kutoa taarifa. Bwana Afya alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye utepe wa kupimia mfukoni na pua ambayo, kwa maneno yake mwenyewe, serikali ilikuwa inailipa mshahara. Yeye aliangalia vyoo, mifereji, madirisha na jiko. Bi Kwanini aliangalia watoto na karatasi zao.

Makao yenyewe yalikuwa nyumba ya ghorofa moja nyuma ya geti la bluu lenye kengele ya kuvuta kwa kamba. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kibanda cha mbao cha kuuza sabuni na betri. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo watoto wote ishirini na sita walikuwapo, na kelele zao zilifika barabarani kabla geti halijafunguliwa. Bi Kwanini alizipenda kelele. Nyumba ya watoto iliyo kimya kama benki ilimtia wasiwasi.

Mlezi mkuu, ambaye kila mtu alimwita Mama Mkuu, aliwapokea na fungu la funguo kiunoni. Zamani alikuwa mwalimu, na bado alitembea kama anayesimamia mtihani.

"Karibuni. Mngesema mnakuja tungewaandalia chai."

"Tungesema tunakuja mngeandaa na mengine," Bwana Afya akajibu. Wote wakacheka, kila mmoja kwa sababu yake.

Saa mbili za kwanza hazikuwa na jipya. Vitanda vilitosha, vyandarua havikuwa na matundu, na namba ya simu ya kupeleka malalamiko ilikuwa imebandikwa kwa kimo cha mtoto, si cha mtu mzima. Bi Kwanini aliwaita watoto watatu, mmoja mmoja, pasipo mlezi wa kusikia, akawauliza wanafanyaje mtu akiwaonea. Wote walijibu vizuri, na mmoja akaongeza kwamba anayemwonea ni yule wanayemwita Kidevu, na kwamba keshamlipa. Kisha mkaguzi akachomoa mafaili matano kabatini bila kuchagua, akayabana kwapani, akaelekea jikoni.

Jikoni Bwana Afya alikuwa ameinama chini ya sinki, amebaki mgongo tu. Mpishi hakuwapo, alikuwa stoo akichambua maharage. Bi Kwanini akazungusha macho. Sufuria zilikuwa zimefunikwa, visu viko juu, moto uko mbali na mlango. Alipousukuma mlango aone kama unafungika, ndipo akakuta nyuma yake kipande cha kadibodi kilichopigiliwa msumari. Kilikuwa kimeshakuwa cha kahawia kwa moshi, na maandishi yake makubwa yalikuwa yamekolezwa upya zaidi ya mara moja:

CHIRIKU ASIPEWE KARANGA. HATA MCHUZI WAKE. HATA MWIKO ULIOGUSA.

Alifurahi. Jiko linalomjua mtoto wake mmoja mmoja ni jiko zuri. Na kwa bahati, faili la huyo Chiriku lilikuwa mojawapo ya yale matano. Jina la kwenye karatasi lilikuwa jingine, lakini mlezi alikuwa ameandika pembeni kwa penseli, "Chiriku, kwa sababu hanyamazi." Bi Kwanini akafungua ukurasa wa afya ili aandike kwamba jikoni na kwenye faili mambo yanalingana.

Hayakulingana. Penye neno "mzio" paliandikwa: haujulikani. Penye "vyakula vinavyomdhuru": haijulikani. Penye "ndugu": hawajulikani. Mtoto aliachwa getini akiwa mchanga, umri ukakadiriwa miezi sita. Chini kabisa palikuwa na muhuri wa ofisi ya ukaguzi mara mbili, na sahihi mbili, na sahihi zote mbili zilikuwa zake yeye.

"Mama Mkuu," akaita, "nani alisema mtoto huyu asile karanga?"

"Muuguzi, nadhani. Yule anayekuja Jumatatu."

Wakampigia muuguzi simu. Muuguzi akasema yeye alikuta hivyo, akadhani imetoka kwenye faili. Mlezi wa bweni akaulizwa, akasema aliambiwa na mlezi aliyemtangulia. Aliyemtangulia alikuwa ameolewa na kuhama, lakini simu yake iliita, naye akasema, "Si iko kwenye ile kadibodi?"

"Kadibodi iliandikwa na nani?"

"Na mpishi."

"Na alishawahi kuvimba, kujikuna, kukosa pumzi? Hata siku moja?"

"Hapana, dada. Hajawahi. Si ndiyo maana hapewi?"

Bi Kwanini akakata simu. Bwana Afya alikuwa ametoka chini ya sinki, anajifuta mikono.

"Mtoto hali karanga, mtoto mzima," akasema. "Si ndicho tunachotaka? Andika vizuri tukaone choo cha nje."

"Ni kizuri. Lakini mtu kujua jambo ambalo halijawahi kutokea, hiyo ni kazi ya mpiga ramli, siyo ya mpishi."

"Siri ya mtungi aijuaye kata," Bwana Afya akasema. "Nenda kaiulize kata. Mimi naenda chooni, kikazi."

Hakuenda kwa mpishi moja kwa moja. Alijifunza zamani kwamba ukimwuliza mtu kabla hujaziona karatasi, unamfundisha cha kujibu. Aliomba madaftari ya milo, yale ambayo kila jiko la makao lazima liandike watoto wamekula nini asubuhi, mchana na jioni. Mama Mkuu akayatoa yote, mwaka hadi mwaka, yamefungwa kwa uzi. Mpishi alikuwa na miaka mitano pale. Daftari lake la kwanza lilikuwa limelika kingo, lakini ukurasa wa kwanza ulisomeka:

"Jumatatu. Asubuhi uji. Mchana wali na mboga za karanga. Mtoto mmoja amepewa maharage."

Akasoma tena. Akageuza nyuma, kwenye daftari la mpishi aliyeondoka. Tangu mtoto alipoletwa hapakuwa na karanga hata mara moja.

"Zilikuwa ghali," Mama Mkuu akaeleza. "Wiki ile mfadhili alituletea gunia. Watoto walishangilia. Nakumbuka kwa sababu mpishi alikuwa mgeni, nikaona ameanza na bahati."

Kwa hiyo ilikuwa siku yake ya kwanza ya kazi. Watoto ishirini na kitu ambao hakuwahi kuwaona. Karanga za kwanza kuingia katika nyumba ile. Na sahani moja ya maharage iliyopikwa kando, kwa ajili ya mtoto asiye na rekodi yoyote, aliyekuwa na umri wa mwaka na kitu tu, asiyejua hata kusema "sitaki". Bi Kwanini alihisi nywele za shingoni zikimsimama. Ilikuwa furaha pia, asidanganye. Furaha ya mtu aliyeona uzi unaning'inia na anajua nguo nzima iko upande wa pili.

Alipogeuka, palikuwa na msichana mdogo amesimama mlangoni kwa mguu mmoja.

"Shikamoo. Wewe ndiye unayehesabu vitanda?"

"Marahaba. Ndiye mimi. Na wewe ni nani?"

"Chiriku. Nina miaka sita na miezi tisa, lakini miezi tisa ni ya kukisia. Nikuulize kitu?"

"Kuuliza si ujinga, mwanangu."

"Karanga zina ladha gani?"

Bi Kwanini akafikiri. Hakutaka kumdanganya mtu anayeuliza. "Kama mbegu iliyochomwa, halafu ina mafuta, halafu inakwama kwenye meno."

"Shangazi wa Jikoni anasema nikila nitavimba kama puto. Lakini sijawahi kuvimba. Nimemwuliza, wewe ulijuaje? Akasema anajua tu." Akabadilisha mguu. "Mtu hajui tu. Lazima ajue kwa kitu."

"Ni kweli," akasema mkaguzi taratibu. "Lazima ajue kwa kitu."

Stoo ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja juu. Mpishi alikaa kwenye kigoda, ungo mapajani, mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mikono ina alama za mvuke hadi viwikoni. Bi Kwanini hakubaki amesimama. Alivuta debe tupu, akakaa, akaanza naye kutoa vijiwe kwenye maharage.

"Mpishi, nina swali dogo."

"Maswali yako makubwa yanasifika mji mzima, mama. Hilo dogo sijalisikia."

"Nani alikuambia Chiriku asile karanga?"

"Nilimwona anajikuna."

"Lini?"

"Zamani."

"Kabla hujaja hapa, au baada?"

Mkono wa mpishi ukasimama ndani ya ungo. Bi Kwanini hakuuliza tena. Aliendelea kuchambua, kijiwe kimoja, cha pili, cha tatu, akiviweka kwenye kifuniko kana kwamba ndiyo kazi aliyotumwa.

"Ningefanya nini?" mpishi akasema mwishowe. "Gunia liko pale, nimeamriwa nipike. Ningemwacha ale, afe mbele yangu, halafu nioshe vyombo?"

"Ulijua atakufa."

"Alishakufa mara moja mikononi mwangu, akarudi. Alikuwa na miezi kumi. Aliokota punje moja tu chini ya meza. Uso ukajaa, midomo ikawa ya bluu. Nilikimbia naye hospitali bila viatu." Akaufuta uso kwa bega, maana mikono ilikuwa na vumbi la maharage. "Mimi ndiye niliyemzaa."

Nje watoto walikuwa wakigombania zamu ya bembea. Bi Kwanini alikuwa amekagua makao kwa miaka kumi na minane, ameona walezi wezi, walezi malaika, na wengi walio katikati. Hili hakuwahi kulikuta.

Mpishi akasimulia, na mara alipoanza hakuhitaji kuulizwa. Alikuwa mfanyakazi wa ndani. Baba wa mtoto alipotea kama moshi. Mama yake mwenyewe ndiye aliyemlelea mtoto, hadi alipofariki, ndipo akalazimika kuja na mtoto kazini kwa siri. Baada ya mkasa wa hospitali siri ikavuja, na mwajiri akampa hadi jioni awe ameondoka. Walilala kwenye veranda za maduka usiku tisa. Mtoto akaanza kukohoa. Siku ya kumi, alfajiri, alimweka kwenye beseni la plastiki mbele ya geti la bluu, akavuta kamba ya kengele, akakimbilia nyuma ya kile kibanda cha mbao.

"Niliapa siondoki mpaka nione amebebwa. Si kuburutwa. Kubebwa. Mama Mkuu alitoka, akamwangalia, akamweka begani, akamshika kichwa hivi, kwa nyuma. Ndipo nikaondoka."

"Halafu?"

"Nikaenda mbali. Niliosha masufuria kwenye hoteli mwaka na miezi mitatu, mpaka nikapata pa kulala penye mlango. Nikarudi kumchukua, mama. Naapa nilirudi kumchukua. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Nafika getini, kuna tangazo, mpishi anatafutwa. Kabla sijavuta kengele, Mama Mkuu akafungua. Akaniangalia, akasema, 'Umekuja kwa ajili ya tangazo?'"

"Ukasema ndiyo."

"Nikasema ndiyo. Nilidhani nitaisema kweli jioni ile. Kisha kesho yake. Mwanzo niliogopa kufungwa, kwa kumtupa mtoto. Baadaye niliogopa kufukuzwa, nisimwone kabisa. Sasa hivi namwogopa yeye mwenyewe. Yule mtoto anauliza, mama. Hujamsikia anavyouliza?"

"Nimemsikia."

Mpishi akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Mwaka juzi ulikuja. Ulisimama mlangoni pale ukaniuliza kama chakula kinatosha. Nikasema kinatosha. Nikasema moyoni, akiniuliza swali moja zaidi, hata liwe la namna gani, nitamwambia yote. Ulikuwa na haraka. Ukapiga muhuri ukaenda."

Bi Kwanini alikumbuka siku ile. Alikuwa na makao sita ya kukagua kabla ya jioni na gari la kuazima. Hakujitetea. Ilimwingia na kukaa.

"Nitakuamini," akasema, "lakini imani haijazwi kwenye fomu. Una kitu chochote?"

Mpishi aliinuka, akaenda chumbani kwake, akarudi na kadi ya kliniki iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya mfuko. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwapo. Uzito ulikuwapo mwezi kwa mwezi, mstari unapanda, unapanda, kisha unashuka. Na kwa mwandiko wa daktari uliolala kama majani kwenye upepo: amelazwa siku mbili, kuvimba uso na koo baada ya kula karanga, mama aelimishwe. Kwenye ukingo wa chini, alama moja ya kuzaliwa: nyuma ya goti la kushoto, umbo la jani.

Waliposogezewa kadi ile ofisini, Bwana Afya alivaa miwani na kuisoma kimya, jambo lisilo la kawaida yake. "Kwenye fomu yetu," akasema, "hakuna kisanduku cha hili."

Mama Mkuu ndiye aliyeumia. Alikaa, funguo zikalia kiunoni. "Miaka mitano," akasema. "Nimekula naye, nimeugua ameniuguza. Na jioni namkalisha mtoto nimwambie, mwanangu, wewe huna mama lakini sisi tupo. Mama anasikia huku anaosha sufuria." Kisha hasira ikamjia. "Angeniambia!"

"Ungemfanya nini?"

"Sijui," Mama Mkuu akasema, na Bi Kwanini akamheshimu kwa jibu hilo.

Sheria haikuwa na haraka, na ilikuwa sawa isiwe na haraka. Afisa ustawi wa jamii akaitwa. Hospitali ilitafuta kitabu chake cha wagonjwa, ikakikuta, na jina la mama lilikuwa lile lile. Damu ikapimwa. Bi Kwanini aliandika taarifa ndefu kuliko zote alizowahi kuandika. Aliandika kwamba makao yalimwajiri mtu bila kumchunguza, na akayapa siku thelathini kurekebisha. Aliandika kwamba mzazi alimwacha mtoto, na kwa nini, na alichofanya tangu hapo. Na aliandika, katika aya inayojitegemea, kwamba mkaguzi alithibitisha mara mbili ukurasa uliojaa neno "haijulikani" bila kuuliza nani hakujua na alimwuliza nani. Bosi wake alimshauri aifute aya hiyo. Hakuifuta.

Majibu ya damu yalipotoka, Chiriku aliitwa ofisini kwa Mama Mkuu. Afisa ustawi, kijana mpole mwenye sauti ya chini, alimweleza kwa maneno mepesi. Mpishi alikuwa amekaa pembeni, mikono imekumbatiana yenyewe. Bi Kwanini aliombwa awepo.

Chiriku alisikiliza mpaka mwisho. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wote kumwona amenyamaza.

"Kwa hiyo mimi nina miaka mingapi?" akauliza.

"Saba. Ulishatimiza, miezi miwili iliyopita."

"Saba kamili? Si ya kukisia?"

"Saba ya kweli."

"Basi mimi ni mkubwa kuliko Kidevu!" Akatoka mbio, wakamsikia akitangaza uani. Watu wazima wakatazamana, wakaanza kutabasamu. Ndipo akarudi. Polepole safari hii. Akasimama mlangoni, macho kwa mpishi.

"Siku zote ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Kila siku?"

"Kila siku, mwanangu."

"Nilipokuuliza umejuaje?"

Chiriku akageuka akaondoka, na mchana ule hakula cha jikoni. Si kwamba alinuna. Aliomba mkate na ndizi, kitu ambacho hakijapikwa. Kesho yake vile vile. Mpishi alipakua sahani yake kama kawaida, ikarudi kama ilivyokwenda. Mama Mkuu alitaka kumlazimisha. Bi Kwanini, aliyekuwa akipiga simu kila jioni, alisema, "Mwacheni. Amefichwa jambo miaka mitano, siku tatu si nyingi."

Siku ya nne Bi Kwanini alikuwapo, amekuja kuchukua sahihi. Chiriku aliingia jikoni, akasimama mbele ya mama yake kama mtu aliyekuja na orodha.

"Ulijificha wapi?"

"Nyuma ya kibanda. Ng'ambo."

"Nionyeshe."

Wakavuka barabara, mpishi na mkaguzi na yule mtoto mbele. Mama Mkuu alibaki getini. Mwenye kibanda aliwatazama bila kuelewa, akasogeza kreti ili wapite. Mpishi akasimama mahali pale pale, kati ya ukuta wa mbao na nguzo ya umeme, amejibana kama siku ile. Chiriku akamkagua, akakagua ukuta, akachungulia kwenye upenyo. Kisha akavuka kurudi, Mama Mkuu amekuja kumshika mkono, akakaa chini mbele ya geti, miguu ameinyoosha.

"Nilikuwa hapa?" akapaza sauti.

"Kushoto kidogo! Karibu na kamba!"

Akasogea. "Sasa unaniona?"

"Nakuona!"

"Na miguu?"

"Na miguu!"

"Nililia?"

"Hukulia! Ulikuwa unaishika kamba, unaivuta mdomoni!"

Chiriku akaitazama ile kamba muda mrefu, kama anayetaka kumbukumbu itoke ndani yake. Akainuka, akajipangusa vumbi. Akamwambia Mama Mkuu, "Ni kweli, panaonekana." Akaingia ndani, akaketi mezani, akauliza kama wali umeiva.

Bi Kwanini alibaki barabarani na yule mama, aliyekuwa amejishikiza kwenye nguzo. Alimpa leso yake, na leso hiyo hakuidai.

Amri ya mahakama ya watoto ilitoka mwezi wa tano. Mpishi aliendelea na kazi yake, akapanga chumba mtaa wa pili, na jioni walitoka pamoja getini, mmoja kabeba mkoba, mwingine anaongea. Ofisini, Bi Kwanini alikuwa ametoa kabatini mafaili ya makao yote ya wilaya na kuyatandaza sakafuni. Alihesabu watoto mia moja na kumi na tatu wenye ukurasa wa "haijulikani". Bwana Afya alimkuta ameketi katikati yake, viatu amevua, simu sikioni.

"Unatafuta nini safari hii?"

"Sijui bado," akasema, akamwashiria anyamaze, kwa sababu upande wa pili walikuwa wamepokea.

Sheria ilitaka familia iliyorudishiwa mtoto itembelewe mara tatu. Ziara ya tatu aliifanya jioni ya mvua ndogo. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja kikubwa, meza, jiko la gesi, na daftari la shule lililofunguliwa kwenye hesabu za kujumlisha. Aliuliza aliyopaswa kuuliza. Mtoto analala saa ngapi, nani anabaki naye mama akiugua, shule wanasemaje. Shule walisema anaongea. Mpishi alijibu akiwa amempa mgongo, anachemsha maziwa ya chai ya mgeni.

"Anakuitaje?" Bi Kwanini akauliza kwa sauti ya chini.

"Shangazi. Bado ni Shangazi." Akageuka, mwiko mkononi. "Sina haraka. Mimi ndiye niliyemzoesha."

"Na wewe unaonaje?"

Mpishi alianza kujibu. Alikuwa anasema kwamba usiku, akidhani Shangazi amelala, yule mtoto hunyoosha mkono kumgusa kama yuko, kisha huurudisha. Alikuwa anatafuta neno la kusema jinsi anavyobaki ameshikilia pumzi, asije akamtisha. Maziwa yakaanza kupanda nyuma yake.

"Mama!" Chiriku akapiga kelele kutoka mezani, penseli mkononi. "Mama, maziwa!"

Mpishi, aliyepikia watu miaka mitano bila kuunguza chungu, hakugeuka. Alisimama pale pale anamtazama binti yake, na maziwa yakamwagika yote.